Chakula cha mgonjwa hakitaki kubahatisha

Katika taaluma zote za afya, lishe ndiyo inayodharauliwa upesi kuliko zote. Kwa kuwa kila mtu anakula, kila mtu hujiona ana neno la kusema: jirani anapendekeza majani ya mlonge kwa mwenye kisukari, muuza unga wa virutubisho mtandaoni anaahidi kuondoa kitambi kwa wiki mbili, na kijana anayesema anakwenda chuo kikuu kusomea lishe huulizwa kama huko atafundishwa kupika. Msimamo wangu ni kwamba masomo yanayomtoa mtaalamu wa kupanga chakula cha mgonjwa lazima yawe magumu, yamalizikie wodini, na mwenye kuhitimu asajiliwe kisheria kabla ya kumgusa mtu. Sababu ni moja: chakula kikikosewa huua.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni mtoto mwenye utapiamlo mkali. Anayemwonea huruma atataka kumshibisha haraka, na hapo ndipo anapomhatarisha. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu umepunguza kazi za moyo, ini na figo. Chakula kingi kikiingia ghafla, insulini hupanda, fosfeti na potasiamu hutoka kwenye damu na kukimbilia ndani ya seli, na moyo unaweza kusimama. Madaktari waliyaona hayo kwa wafungwa waliokombolewa mwishoni mwa Vita Vikuu vya Pili, waliokufa baada ya kupewa chakula walichokikosa kwa miaka. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaanza na maziwa maalumu yaitwayo F-75, yenye kilokalori 75 tu katika mililita 100, yanayotolewa kidogo kidogo mchana na usiku. Hali ya mtoto ikitengemaa na hamu ya kula ikirudi, ndipo anapohamishiwa F-100 au chakula tiba cha karanga. Hata madini ya chuma, ambayo wengi wangeharakisha kuyatoa kwa kuwa mtoto hana damu ya kutosha, husubiri hadi aanze kuongezeka uzito.

Wala si watoto peke yao. Mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine kwa sababu figo zimeshindwa anaweza kudhuriwa na vyakula tulivyozoea kuvisifu: ndizi, parachichi, nyanya, viazi, mchicha. Vina potasiamu nyingi, na ikizidi katika damu huvuruga mapigo ya moyo. Mtaalamu hamalizi kazi kwa kumpa orodha ya makatazo. Humfundisha kukata viazi vipande vidogo, kuvichemsha katika maji mengi na kuyamwaga, kisha huangalia vipimo vya damu na kupanga upya. Au tuitazame sukuma wiki, mboga ya kila jioni katika nyumba nyingi za Kenya. Ina vitamini K kwa wingi, na vitamini hiyo hupunguza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mgonjwa aliyepimiwa dozi huku akiila kila siku, kisha akaiacha ghafla, anaweza kuvuja damu. Aliyeanza kuila kwa wingi anaweza kupata bonge la damu. Ushauri sahihi ni kuila kwa kiasi kisichobadilika, na wa kuutoa ni mtu anayeijua dawa na kuijua mboga.

Ujuzi wa namna hiyo haupatikani kwa semina ya siku tatu. Shahada ya lishe, iwe Sokoine kule Morogoro au Kenyatta na Egerton nchini Kenya, imejengwa juu ya kemia, biokemia na fiziolojia, na mwanafunzi aliyeyakimbia masomo ya sayansi sekondari atateseka. Lakini darasa lina mpaka. Nchini Marekani, anayetaka kusajiliwa lazima afanye mafunzo ya vitendo yasiyopungua saa 1,000 chini ya msimamizi, afaulu mtihani, na tangu Januari 1, 2024 awe na shahada ya uzamili. Sharti hilo la mwisho sipendi tuliige. Lingewafungia mlango vijana wengi wasio na karo, na hospitali zetu zingebaki bila watu. Saa za wodini ndizo za kuigwa bila punguzo. Kenya ilikwisha kutunga sheria ya wataalamu wa lishe mwaka 2007, iliyounda taasisi ya KNDI ya kuwasajili na kusimamia viwango vyao. Msingi upo. Kinacholegalega ni mazoea ya umma ya kumwamini yeyote mwenye wafuasi wengi.

Wapo watakaosema bibi zetu walilea watoto wenye afya bila shahada. Ni kweli, na kunde, dagaa na mboga za majani walizotulisha bado ni chakula bora kwa mtu mzima wa afya. Ila bibi hakuwa na mgonjwa wa kusafishwa damu kwa mashine jikoni. Pingamizi zito zaidi ni kwamba tatizo letu ni umaskini, na kwamba elimu haijazi sufuria. Nakubali kwamba hakuna ushauri unaoweza kushika nafasi ya chakula kisichokuwepo. Hata hivyo, Tanzania inatupa funzo gumu: katika utafiti wa kitaifa wa 2022, takriban watoto 3 katika kila 10 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na Iringa, mkoa unaovuna mahindi ya kuuza kwingine, ulikuwa na zaidi ya nusu ya watoto wake katika hali hiyo. Ghala limejaa, mtoto anapewa uji mtupu, mama amezidiwa na shamba, kuhara hakuishi. Hapo anahitajika mtu aliyesomea kuyaona mambo hayo yote kwa pamoja.

Hoja ya ajira ndiyo inayoniuma. Wahitimu wapo mitaani huku wodi zikikosa mtaalamu hata mmoja wa lishe, na daktari mwenye foleni hadi mlangoni hana dakika za kumuuliza mgonjwa alikula nini jana. Kosa hilo ni la wenye kupanga bajeti za hospitali, na walirekebishe kwa kutenga nafasi hizo. Mzazi unayemlipia mwanao karo, kabla ya kutoa pesa ukiulize chuo: atafanya mazoezi katika hospitali gani, kwa miezi mingapi, na shahada hiyo inampa haki ya kusajiliwa? Na wewe uliyepewa orodha ya vyakula vya kuacha, mwombe aliyekupa akuonyeshe leseni yake.