Kwa Nini Mimea ya Kidimbwini Hustawi Bila Kuchanua

Mmea wa majini hauchanui kwa sababu tu umeshiba. Ua ni kiungo cha gharama, kwani hujengwa kwa sukari ambayo mmea umeitengeneza kwa nguvu ya jua, na mara nyingi mmea huanza kulijenga pale tu unapokuwa umepevuka, unapopata mwanga mwingi mchana kutwa, na njia nyepesi zaidi ya kuongezeka inapokuwa imeanza kuzibwa. Hapo ndipo kilipo kiini cha lalamiko la watu wengi waliochimba kidimbwi uani na kukuta, miezi kadhaa baadaye, maji yote yamefunikwa na majani mabichi yenye afya huku ua likiwa halijaonekana hata moja: mbolea waliyoiongeza kwa matumaini ya kupata maua huenda ndiyo iliyowapatia majani.

Kabla ya kulaumu jua au maji, yafaa kujua kama mmea wenyewe ni wa kutoa maua. Azola, ambayo baadhi ya wafugaji huiotesha iwe chakula cha kuku na samaki, pamoja na salvinia, iliyowahi kuvamia Ziwa Naivasha nchini Kenya, ni jamaa wa kangaga, yaani mimea isiyo na maua kabisa, ambayo huzaana kwa spora, vijichembe vidogo visivyo mbegu. Letusi ya majini, ile yenye majani ya kijani kibichi yaliyopangika kama waridi, huchanua, lakini ua lake ni dogo, jeupe, na limejificha katikati ya majani, jambo lisiloshangaza kwa mmea wa ukoo mmoja na magimbi. Mwenye kidimbwi anaweza kuwa nalo asijue. Wolfia, kijimmea kisichofikia milimita 1 kwa urefu, ndio mmea mdogo kuliko yote yenye maua duniani, na ua lake huhitaji kioo cha kukuzia. Anayetaka maua ya kuonekana kutoka barazani, basi, amebakiwa hasa na mimea miwili, gugumaji na yungiyungi.

Gugumaji, ambalo asili yake ni bonde la mto Amazon huko Amerika Kusini, ndilo linaloelea kweli, mizizi yake ikining'inia majini bila kugusa tope. Bua lake hubeba kwa kawaida maua kati ya 8 na 15 ya zambarau hafifu, kila moja likiwa na petali 6, na petali ya juu ina doa la manjano lililozungukwa na buluu. Ua lenyewe hudumu siku 1 au 2, kisha bua hujipinda na kushusha vichwa vyake majini, ambako mbegu hukomaa. Mmea huu, hata hivyo, una njia ya pili ya kuzaana: hutoa ubavuni kitawi kitambaacho, ambacho huelea hatua fupi na kuotesha mche mpya usiotofautiana na mama yake kwa lolote, na katika maji ya vuguvugu yenye rutuba idadi ya mimea inaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki 2 hivi. Maadamu kuna maji wazi mbele yake, gugumaji huelekea kutumia nguvu zake kwa vitawi hivyo. Linapobanwa na wenzake, vitawi hupungua, majani hurefuka kutafuta mwanga, na mabua ya maua hujitokeza. Ndiyo maana watunza bustani wa nchi za baridi, ambako mmea huu hufa kila mwaka, huizungushia mimea michache pete inayoelea ili isongamane, wakati mwenye kidimbwi anayepunguza mimea yake kila wiki kwa nia njema huirudisha kila mara kwenye hatua ya kutambaa. Joto nalo lina sehemu yake, kwa kuwa gugumaji hustawi zaidi maji yanapokuwa kati ya nyuzi 25 na 30 za Selsiasi, kiwango ambacho Mombasa hukipata bila taabu na ambacho Njombe au Limuru, hasa miezi ya Juni hadi Agosti, hazikifikii.

Pamoja na hayo yote, ni vigumu kumshauri mtu wa Afrika Mashariki alitamani ua hilo. Gugumaji liliingia Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 lilifunika sehemu kubwa za ghuba za Winam, Mwanza na Murchison, likazuia mitumbwi na kuziba mialo, hata serikali za Uganda, Kenya na Tanzania zikalazimika kuleta fukusi wa jenasi ya Neochetina, wadudu wanaokula mmea huo tu, ili kulidhibiti. Ua ndiyo hatua ya hatari zaidi, kwa sababu mbegu zake huweza kukaa katika tope kwa miaka 15 na zaidi zikiwa hai, na mvua moja kubwa inatosha kuzitoa uani na kuzifikisha mtoni. Umoja wa Ulaya, ambao una mito yenye baridi kuliko ya hapa, uliliweka katika orodha ya mimea vamizi iliyopigwa marufuku mwaka 2016.

Yungiyungi ni chaguo bora, tena ni mwenyeji. Haliwi huru majini kama gugumaji, kwani kiazi chake hukaa topeni na majani pekee ndiyo yanayoelea, lakini kwa macho ya mtazamaji matokeo ni yaleyale. Lile la buluu, ambalo aina yake moja wanasayansi wa karne ya 19 waliipa jina lenye neno la Zanzibar, hufunguka asubuhi na kujifunga alasiri. Lile jeupe la usiku hufunguka jioni, na humfaa zaidi mwajiriwa anayerejea nyumbani jua limekuchwa. Ua moja la buluu hufunguka siku 3 au 4 mfululizo, na siku ya kwanza huwa la kike, likiwa na kioevu katikati kinachopokea chavua, yaani unga wa kiume ulioletwa na nyuki kutoka ua jingine, kabla halijaanza kutoa chavua yake lenyewe.

Yungiyungi lisilochanua mara nyingi hukosa jua. Mmea huu huhitaji jua kali la muda usiopungua saa 6 kwa siku. Vitabu vya bustani vilivyoandikwa Ulaya huzungumzia sana majira na urefu wa mchana, lakini Dar es Salaam tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi kabisa wa mwaka haifiki saa 1. Kinachobadilika ni mawingu ya masika na kivuli cha mwembe wa jirani. Sababu ya pili ni maji yasiyotulia, kwa maana majani yanayonyeshewa na bomba la kurushia maji hudhoofika. Ya tatu ni msongamano, ambao hapa hufanya kinyume kabisa na ilivyo kwa gugumaji: majani yanaponyanyuka juu ya maji badala ya kulala, kiazi kimejaa chombo na kinahitaji kugawanywa.

Chombo kinachofaa ni beseni pana lenye udongo mzito wa mfinyanzi, si samadi, ambayo huoza na kuelea, na juu yake kokoto, kisha kikazamishwa hadi maji ya sentimita 20 hadi 40 yakae juu ya kiazi. Mbolea hufukiwa ndani ya udongo huo, isimwagwe majini. Naitrojeni nyingi hukuza majani, wakati fosforasi na potasiamu huhitajika zaidi maua yanapojengwa. Vyote vikiyeyuka katika kidimbwi hunufaisha kwanza mwani, na urea hugeuka kuwa amonia inayoua samaki. Kidimbwi chenye samaki wengi, kwa kweli, huwa tayari kimerutubishwa na kinyesi chao.

Samaki hao wana kazi nyingine. Mbu huweza kutoka yai hadi kuruka ndani ya siku 7 hadi 14, na perege wadogo hula viluwiluwi vinavyopanda juu kuvuta hewa. Mbu wa jenasi ya Mansonia, hata hivyo, huwakwepa, kwa kuwa viluwiluwi vyake hutoboa mizizi ya gugumaji na letusi ya majini na kuvuta hewa humohumo bila kupanda juu, kwa hiyo dawa ya mbu hao ni kuondoa mimea yenyewe. Mimea iliyochukuliwa ziwani au mtoni huoshwa na kuchunguzwa konokono kabla ya kuingizwa kidimbwini, kwa sababu baadhi yao hubeba vimelea vya kichocho, na kwa kazi hiyo glavu za mpira hazina budi. Majani nayo hayapaswi kufunika zaidi ya nusu au theluthi mbili za maji, kwani usiku mimea hupumua kama samaki na kugombania nao oksijeni, na samaki wanaotweta juu ya maji alfajiri ndio dalili ya kwanza. Mimea inayopunguzwa hutandazwa juani mbali na mfereji hadi ikauke kabisa, kisha huingizwa katika shimo la mboji, isipokuwa ile yenye vichwa vya mbegu, ambayo huchomwa.