Bustani ya mtungi mmoja: mboga rahisi za kuanza kupanda nyumbani

Mkaazi wa Kilifi anayetaka kupanda mboga nyumbani kwa mara ya kwanza huuliza swali moja: "Nianze na mboga gani?" Mara nyingi anayeuliza ameshajaribu. Alilima ua mzima, akapanda sukuma wiki, nyanya, karoti na vitunguu kwa siku moja, na mwezi wa pili kila kitu kikakauka. Akajiona hana mkono wa kilimo.

Kwa kawaida tatizo si mkono wala udongo. Bustani ilikuwa kubwa kuliko maji ya nyumbani. Katika kaunti yetu, ambako kaya nyingi huchota maji mbali au huyanunua kwa mtungi, bustani hupimwa kwanza kwa maji, kisha kwa ardhi. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuanza na bustani inayotosheka kwa mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku, na mboga zinazomvumilia mtu anayejifunza.

Kwa nini inafaa

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtu ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Nyumba nyingi hazifiki hapo, hasa miezi ya kiangazi ambapo fungu la mboga sokoni hupungua na bei hupanda. Mwaka 2020 Serikali ya kitaifa ilizindua mpango wa bustani milioni moja za jikoni kwa sababu hiyo: nyumba yenye mboga mlangoni haisubiri soko. Bustani ndogo haitamaliza gharama zote za chakula, lakini inaweza kuweka mboga mbichi kwenye sahani ya mtoto mara kadhaa kwa wiki.

Kipimo cha kuanzia

Pima tuta moja lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 4. Upana huo unakuwezesha kufika katikati kwa mkono kutoka kila upande bila kukanyaga udongo. Wakati wa jua kali, mboga za majani huhitaji takriban lita 5 za maji kwa kila mita ya mraba kwa siku. Mita 4 za mraba ni lita 20, yaani mtungi mmoja: nusu asubuhi mapema, nusu jioni jua likipungua. Siku ya mvua, mtungi unapumzika.

Chagua mahali panapopata jua kwa saa 6 hivi kila siku, karibu na jikoni, na mbali na choo. Kisha weka ua kabla ya kupanda. Kuku mmoja humaliza mche wa wiki mbili kwa dakika chache, na mbuzi hahitaji hata muda huo. Miiba, makuti au nyavu kuukuu zinatosha.

Lima kina cha jembe moja. Changanya nusu ndoo ya samadi iliyooza kwa kila mita ya mraba. Samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyokaa miezi kadhaa ni nzuri. Mbolea mbichi ya kuku usiitumie: huunguza mizizi na inaweza kubeba vijidudu vya kuhara. Irundike, ifunike na uiache ioze kwanza.

Kwenye udongo wa kichanga, kama ulivyo sehemu nyingi za ukanda wa bahari, shusha tuta chini kidogo ya usawa wa ardhi ili maji yasikimbie. Kwenye udongo mzito unaotuamisha maji, liinue. Baada ya miche kuota, tandaza nyasi kavu kati ya mistari. Nyasi hizo hupunguza ukaukaji wa udongo na huzuia magugu.

Mboga mbili za mwanzo: mchicha na kunde

Mchicha huota ndani ya siku 3 hadi 7 na huwa tayari kwa wiki 3 hadi 4. Kosa la wengi ni kuzika mbegu. Mbegu ya mchicha ni ndogo sana; ikienda chini zaidi ya sentimita 1 haitoki. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisidondoke kwa fungu, zinyunyize kwenye mistari iliyoachana sentimita 20, kisha zifunike kwa udongo mwembamba. Nyunyiza maji taratibu kwa kopo lililotobolewa matundu, kwani maji ya kumwaga huzikusanya mbegu upande mmoja. Miche ikisongamana ing'oe mingine na uipike. Hiyo ndiyo mboga yako ya kwanza.

Kunde huvumilia kiangazi kuliko mboga nyingi za majani. Panda mbegu kina cha sentimita 2 hadi 3, mche hadi mche sentimita 15, mstari hadi mstari sentimita 30. Majani machanga huanza kuchumwa baada ya wiki 3 hadi 4. Kunde zina faida nyingine: mizizi yake huhifadhi naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo hazitaki samadi nyingi na huacha udongo ukiwa bora kwa mboga itakayofuata. Ukinunua mbegu, uliza aina zinazotoa majani na punje pia, kama K80 au M66.

Usipande tuta lote siku moja

Gawa tuta vipande vinne vya mita moja moja. Wiki ya kwanza panda mchicha kipande cha kwanza. Wiki ya pili panda kunde kipande cha pili. Wiki ya tatu mchicha, ya nne kunde. Mwisho wa wiki ya nne kipande cha kwanza kinavunwa, na wiki hiyo hiyo kinapandwa tena, safari hii kunde. Kwa njia hii unavuna kidogo kila wiki, badala ya kupata mboga nyingi kwa siku mbili na kisha kukaa mwezi mzima bila kitu. Kubadilisha mchicha na kunde mahali pamoja kunasaidia pia kupunguza wadudu na magonjwa.

Kila mzunguko acha mimea miwili au mitatu ya mchicha iliyo bora itoe mbegu, na acha maganda machache ya kunde yakauke juu ya mmea. Mbegu za msimu ujao hutahitaji kununua.

Hatua ya pili: bamia

Ukishamaliza mzunguko mmoja na maji hayajakushinda, ongeza bamia, au mabenda kama wengi wetu tunavyoyaita. Hupenda joto letu. Loweka mbegu usiku mmoja, kisha panda kwa umbali wa sentimita 40 kwenye ukingo wa bustani, pale ambapo kivuli chake hakitaziba mchicha. Huanza kuzaa baada ya siku 50 hadi 60. Chuma kila baada ya siku 2 au 3 yakiwa machanga. Yakiachwa yakomae huwa magumu, na mmea hupunguza kutoa mengine. Mimea 6 hadi 8 inatosha kwa familia kuanza nayo, iliwe na sima au ichanganywe na mboga nyingine kwenye tui la nazi.

Hatua ya tatu: sukuma wiki na spinachi

Sukuma wiki ndiyo mboga ambayo wengi huanza nayo, lakini hutaka subira na maji ya kila siku, na kwenye joto la pwani hushambuliwa sana na viwavi na vidukari. Miche hukaa kitaluni takriban mwezi mmoja kabla ya kuhamishwa. Ihamishe jioni, umbali wa sentimita 45 hadi 60. Ukivuna, chuma majani ya chini na uache manne au matano ya juu. Mmea mmoja utakulisha kwa miezi.

Spinachi hulimwa karibu vivyo hivyo. Kama kisima chako kina maji ya chumvi kidogo, spinachi huvumilia kuliko bamia.

Wasio na ardhi, kwa mfano wapangaji wa Mtwapa, Malindi au Mariakani, wanaweza kutumia gunia. Simamisha mkebe usio na kitako katikati ya gunia na uujaze kokoto. Jaza pembeni mchanganyiko wa udongo na samadi, kisha vuta mkebe juu na urudie mpaka gunia lijae. Kokoto hizo ndizo njia ya maji kufika chini. Toboa matundu ubavuni na upande miche 20 hadi 30 kwa jumla, ubavuni na juu. Tumia gunia la nafaka au sukari, si lililobeba mbolea ya dukani au kemikali.

Maji yaliyotumika

Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa bustanini. Maji ya kufulia yenye sabuni nyingi, dawa ya kung'arishia nguo au magadi yasimwagwe kwenye mboga. Maji ya mtaro na ya karibu na choo yasitumike kabisa, kwa sababu mboga ya majani hubeba uchafu moja kwa moja hadi jikoni. Hata kama bustani yako ni safi, osha mboga kwa maji safi kabla ya kukata.

Wadudu: dawa iwe ya mwisho

Kagua chini ya majani kila asubuhi unapomwagilia. Viwavi watoe kwa mkono. Vidukari waoshe kwa maji, au nyunyiza maji yenye sabuni kidogo ya kipande. Mwarobaini umejaa katika kaunti yetu: ponda kilo 1 ya majani mabichi, loweka usiku mmoja katika lita 5 za maji, chuja na unyunyize jioni. Jaribu kwanza kwenye majani machache, usubiri siku moja uone kama hayakuungua.

Ukilazimika kutumia dawa ya dukani, soma kibandiko. Kila dawa ina idadi ya siku za kusubiri kati ya kunyunyiza na kuvuna. Mchicha unaovunwa kwa wiki 3 mara nyingi hauna nafasi ya kusubiri huko. Ni heri kupoteza majani yaliyotobolewa kuliko kulisha watoto dawa. Usinunue dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda isiyo na kibandiko.

Lini uanze

Andaa tuta na samadi mwezi Machi, upande masika yakishatulia, na vivyo hivyo kabla ya vuli ya Oktoba hadi Desemba. Walio Ganze na bara ya Magarini, ambako mvua ni chache kuliko ukanda wa bahari, wategemee kunde zaidi na wachimbe tuta la kushuka. Januari hadi Machi, kiangazi kikikaza, usione haya kupunguza: kipande kimoja kinachomwagiliwa kila siku kina faida kuliko vinne vinavyokauka.

Kwa ushauri zaidi, mwone afisa wa kilimo wa wadi yako. Ukimwendea na tatizo la wadudu au ugonjwa, chukua jani lenye tatizo. Litamsaidia kuliko maelezo. Kabla ya kwenda, hesabu pia mitungi ya maji unayoweza kutoa kwa bustani kila siku ya kiangazi. Hiyo ndiyo idadi ya matuta ya kuanza nayo.