Jumapili ya Mwenye Deni

Wahenga walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa, na hakuna mganga aliyewahi kuleta dawa nyingine. Lakini dawa hii hunywewa polepole. Mkopo wa chama cha ushirika cha akiba na mikopo hulipwa kwa miezi 24, au 36, au zaidi, na ndani ya miezi hiyo zimo Jumamosi na Jumapili, zimo sikukuu, na zimo jioni nyingi ambazo kazi imekwisha na usingizi haujaja. Aghalabu mtu huanguka katika saa hizo, wala si katika saa za kazi.

Zipo njia mbili za kuanguka. Ya kwanza yajulikana na kila mtu: mwenye deni huendelea kutumia fedha kama zamani, kana kwamba deni ni la jirani. Ya pili haisemwi sana, nayo huwapata watu wenye nia njema. Mtu huapa kwamba mpaka deni liishe hatakwenda popote, hatapokea mgeni, wala watoto wake hawataonja soda. Mwezi wa kwanza hujisifu. Mwezi wa pili hununa. Mwezi wa tatu, siku ya mshahara, nafsi yake hukataa; huingia mahali penye nyama na muziki, na usiku mmoja humaliza alichojinyima kwa majuma tisa. Ikifika tarehe 10 ya mwezi unaofuata hana nauli, na mkono wake waitafuta simu ili akope tena. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Mikopo hiyo ya simu yafaa itazamwe kwa hesabu, kwa maana udogo wake hudanganya macho. Huduma ya M-Shwari ilipoanzishwa mwezi wa Novemba 2012, ada yake ilikuwa 7.5 kwa mia kwa mkopo wa siku 30. Kwa ada ya namna hiyo, anayekopa Shs. 2,000/- hutoa Shs. 150/- juu yake, jambo ambalo kwa mwezi mmoja halimuumizi mtu. Lakini akikopa vivyo hivyo kila mwezi kwa sababu ya starehe ya mwisho wa mwezi uliotangulia, mwaka ukiisha atakuwa ametoa Shs. 1,800/-, karibu sawa na mkopo wenyewe, wala hana hata kijiko cha kuonyesha.

Sasa na achukuliwe karani aliyekopa Shs. 120,000/- katika chama chake ili kulipa karo ya shule na kuezeka nyumba ya wazazi. Riba ni 1 kwa mia kila mwezi juu ya deni lililobaki, na kila mwezi hurudisha Shs. 5,000/- za mkopo pamoja na riba yake. Atamaliza kwa miezi 24, na riba yote itakuwa Shs. 15,000/-. Karani huyu hutumia Shs. 500/- kila juma kwa starehe. Akizigawa nusu kwa nusu, Shs. 250/- zikabaki kuwa za starehe na Shs. 250/- zikaenda kwenye deni, kila mwezi ataongeza Shs. 1,000/-. Deni litakwisha kwa miezi 20 badala ya 24, na riba yote itakuwa Shs. 12,600/-. Amejiokolea Shs. 2,400/- na miezi minne. Ila yampasa aiandikie ofisi ya chama chake na kueleza wazi kwamba nyongeza hiyo ni ya kupunguza mkopo, wala si ya kuongeza akiba.

Na ieleweke kwamba katika mkopo wa chama mwenye deni si mtu mmoja. Nyuma yake wako wadhamini, yaani wenzake wa ofisini au jirani zake wa kijijini, ambao akiba yao imefungwa kwa ajili yake. Akikwama, wao ndio watakaokatwa. Mdhamini hasemi neno, lakini humwona mwenye deni akiagiza chupa ya nne, naye huhesabu kimya kimya. Urafiki mwingi umevunjika hivyo, na undugu pia.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba makato yote yanayofanywa na mwajiri hayatazidi theluthi mbili za mshahara. Sheria hiyo humlinda mfanyakazi asikatwe mpaka akabaki mikono mitupu. Haiwezi kumlinda na mkono wake mwenyewe siku ya Ijumaa jioni.

Basi fedha za starehe huenda wapi? Atakayeandika matumizi yake katika daftari kwa mwezi mmoja tu atashangaa kuona jinsi sehemu ndogo ilivyomfurahisha. Nauli ya kwenda mjini bila haja. Data za simu za kutazama mambo ambayo kesho yake hayakumbuki. Kilo ya nyama iliyoliwa na watu sita, watatu kati yao hawakualikwa. Na zaidi ya yote, zamu ya kuwanunulia wenzake vinywaji. Katika jambo hili la zamu, mtu hanunui kinywaji, ananunua kuonekana. Huogopa kwamba akiondoka kabla ya zamu yake ataitwa bahili, na kwa hofu hiyo hulipa bei ambayo hata kiu yake haikuiomba.

Dawa ya hofu hiyo ni kusema kweli mapema, tena kwa maneno machache. “Ndugu yangu, niko katika mkopo wa chama mpaka mwezi wa Agosti. Lakini Jumapili njoo nyumbani, tutacheza bao na chai itakuwapo.” Atakayecheka maneno hayo si hasara kumpoteza. Wengi hawatacheka, maana nao wana mikopo yao na walikuwa wakingoja mtu wa kwanza kusema.

Kamari ya mpira haifai kutiwa katika hesabu ya starehe hata kidogo. Aliyetia fedha katika mchezo hautazami mchezo. Pasi nzuri haioni, wala haoni jinsi kipa alivyoruka; anatazama fedha zake zikikimbia uwanjani kwa miguu ya watu wengine. Mwenzake aliyekaa chini ya mti kando ya uwanja wa kijiji, akitazama vijana wa kata mbili wakigombea mpira uliochakaa, hakulipa kitu naye amefurahi zaidi.

Kuhusu bao inafaa kusema zaidi, kwa maana ni mchezo ambao umri na cheo havina nguvu mbele yake. Bao la Pwani lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji ana kete 32: huanza na 10 ubaoni na 22 mkononi, akizitia moja moja, huku akiichunga nyumba yake isiliwe. Mzee asiyejua kusoma aweza kumfunga karani mwenye stashahada mara tatu mfululizo, na karani akarudi Jumapili inayofuata kutafuta kisasi. Bara nako kuna michezo ya jamii hiyo: Wajaluo wana ajua, na Wakikuyu wana giuthi. Asiye na ubao huchimba mashimo ardhini na kuokota vijiwe. Wanaopenda drafti huchora miraba juu ya kipande cha mbao na kutumia vizibo vya soda, upande mmoja vikiwa vimefunuliwa na upande mwingine vimefunikwa. Watazamaji hufurahi kama wachezaji, pengine zaidi, kwani wao hushauri bila kushindwa. Mtoto aliyekaa kando ya baba yake akihesabu kete huingia darasani siku ya Jumatatu na hesabu kichwani, na hakuna aliyemlipa mwalimu kwa saa hizo.

Kitabu nacho ni mwenzi wa bei nafuu. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma ndani yake. Mlango ulifunguliwa kwa watu wote mwaka 1958. Matawi yake yako Kaloleni na Makadara, karibu na makazi ya wafanyakazi. Bodi ya maktaba ya taifa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, na Katiba ya mwaka 2010 iliziweka maktaba katika kazi za serikali za kaunti. Huko Garissa, tangu mwaka 1996, vitabu vilipelekwa kwa ngamia mpaka kwenye manyata. Ikiwa ngamia aliweza kuwafuata wasomaji jangwani, mtu wa mjini anayeipita maktaba kila siku akienda kituo cha matatu hana la kujitetea. Familia nne zinazonunua kitabu kimoja kimoja na kubadilishana zimepata vitabu vinne kwa bei ya kimoja.

Kutembea hakuhitaji maelezo marefu. Mombasa, watu wa kila aina hukaa jioni pale Mama Ngina wakitazama meli zikiingia Kilindini, na mihogo ya kukaanga haimfilisi mtu. Huko Iten, anayeamka mapema huwaona wakimbiaji wanaojulikana dunia nzima wakifanya mazoezi kwenye barabara za udongo mwekundu, na hakuna anayekata tiketi. Sikukuu za Madaraka na Jamhuri huwa na gwaride na ngoma za kutazamwa bure, mradi mtu abebe chakula chake kutoka nyumbani. Kwaya ni jambo jema pia, na mazoezi ya jioni huchangamsha moyo. Ila kwaya nayo ina sare na safari na michango, na mwenye deni aulize bei ya kitambaa kabla ya kuimba sauti ya kwanza.

Liko jambo moja ambalo wanaume wengi hulisahau wanapopanga starehe ya bei nafuu nyumbani. Bwana hualika wenzake sita kwa chai na bao, akafurahi kwamba hakutumia fedha. Lakini mama wa nyumba ameamka saa kumi na moja kuteka maji, amepika, ameosha vyombo, na jua limetua hajaketi. Starehe hiyo haikuwa bure; imelipwa na mtu mwingine. Vivyo hivyo nyumba nyingi hupunguza sukari na mafuta ya kupikia kwa sababu ya deni, ilhali bia ya bwana haipunguzwi. Deni la nyumba lahitaji kujulikana na nyumba nzima: ni kiasi gani, litaisha lini, na kwa nini lilichukuliwa. Watoto wakubwa waelezwe pia. Kisha kazi za siku ya wageni zigawanywe, bwana akoke moto mwenyewe, wageni waje na mkate au ndizi, na mama naye apate alasiri yake ya kwenda kwa dada yake au kukaa na wenzake wakisuka vikapu, bila kuulizwa atarudi saa ngapi.

Mkulima ana shida ya namna nyingine, kwa kuwa mapato yake hayaji kwa mstari ulionyooka. Mkulima wa majani chai chini ya KTDA hupata malipo madogo kila mwezi, na fedha nyingi huja pamoja kwa jina la bonasi, kwa kawaida mwezi wa Oktoba. Siku hizo masoko hujaa wauzaji wa kila kitu, na jirani asiyeonekana tangu mwaka uliopita hukumbuka ghafla njia ya boma lake. Kwa mkulima kama huyo agizo ni fupi. Alipe deni siku ile ile, kabla ya kufika sokoni, na karo ya Januari aiweke mahali ambapo si rahisi kuitoa. Halafu achinje jogoo. Jogoo huyo ni wa lazima. Watu wa nyumbani waliochuma chai mwaka mzima na kuona fedha zote zikienda kwa mdai bila hata mchuzi hawatachuma kwa moyo mwaka ujao.

Kwa sababu hiyo hiyo, zile Shs. 250/- za karani zisiachwe mfukoni pamoja na fedha nyingine. Ziwekwe katika kopo lake, na zitumike zote kila juma bila majuto: juma hili soda za watoto uwanjani, juma lijalo nauli ya kumtembelea shangazi, juma jingine gazeti na sahani ya viazi. Zikiisha, zimeisha mpaka Jumamosi. Asiwe na haraka ya kuzihamisha nazo kwenye deni kwa sababu mwezi mmoja umekwenda vizuri. Hapo ndipo ile njia ya pili ya kuanguka huanzia.

Mwezi wa 20 ukipita, hati yake ya mshahara haitakuwa na mstari wa mkopo. Achukue barua ya kumaliza deni kutoka ofisi ya chama, awape wadhamini wake nakala moja moja mkononi, maana huenda mmoja wao ana mtoto anayeingia shule ya sekondari Januari na amekuwa akingoja akiba yake ifunguliwe ili aandike maombi yake mwenyewe.