Kibao kimoja kabla barafu haijaondoka

Chukua karatasi ya A4, ile tunayochapia barua. Ilaze kwa upande wake mrefu, kisha ukunje upana wa vidole viwili pembeni. Kilichobaki ndicho kiwanja chote alichojipimia mchoraji Tom Thomson: sentimita 21.6 kwa 26.7 hivi. Humo aliingiza ziwa, kilima cha ng'ambo, anga lenye mawingu na misonobari inayoyumba, na mara nyingi kazi iliisha kwa kikao kimoja, papo hapo porini, rangi ikiwa bado mbichi.

Thomson alikuwa Mkanada, mtoto wa wakulima wa Ontario, aliyezaliwa tarehe 5 Agosti 1877. Aliishi miaka 39 tu, na katika hiyo ni mitano ya mwisho aliyojitupa katika uchoraji wa mandhari. Ilitosha. Ameacha vibao vidogo vipatavyo 400 na picha kubwa za turubai zipatazo hamsini, na leo ni vigumu kumpata Mkanada aliyesoma shule ambaye hajawahi kuona hata moja. Kwao, wengi wakimtaja huanza na kifo chake, kwa sababu kilizua maswali ambayo bado yanaandikiwa vitabu. Mimi naona hilo linamdhulumu. Heri tuanze na asubuhi zake.

Kazi iliyompa mkate ilikuwa ya usanifu wa matangazo. Katika kampuni ya Grip mjini Toronto alichora herufi, mapambo na picha za kuuzia bidhaa, akikaa chumba kimoja na mafundi wenzake ambao baadhi yao, kama J. E. H. MacDonald na Arthur Lismer, wangekuja kuunda lile kundi maarufu la wachoraji, Kundi la Saba, mwaka 1920, yeye akiwa ameshazikwa. Mwaka 1912 alifika kwa mara ya kwanza katika Hifadhi ya Algonquin, nchi ya maziwa na misitu iliyo mwendo wa kilomita 250 hivi kaskazini mwa Toronto. Mwaka uliofuata serikali ya Ontario ilinunua picha yake moja kwa dola 250. Daktari wa macho aitwaye James MacCallum akamwambia aache ajira, gharama za mwaka mzima atazibeba yeye. Thomson akaacha, na tangu hapo maisha yake yakafuata majira kama ya mkulima: baridi kali ikibana, yumo Toronto, barafu ikianza kulegea, yumo kwenye treni ya kwenda Canoe Lake, huko Algonquin.

Hapa inabidi nisimame kidogo kwenye neno. Majira anayoyafuata Thomson hatuna jina lake hasa, kwa kuwa hatuna majira yenyewe. Vitabu vya shule husema majira ya kuchipua. Wafasiri wengine huandika masika, na kwa kalenda hawako mbali, maana ni Machi, Aprili na Mei zilezile. Ila masika yetu hujitangaza: radi, mvua juu ya bati, vyura usiku kucha, na mkulima anajua leo ndiyo leo. Masika ya Algonquin huingia kimyakimya. Theluji huanza kunywea kwenye miteremko inayotazama jua, huku upande wa pili wa kilima bado imelala goti zima. Ziwa limefunikwa na barafu ambayo juzi ilikuwa nyeupe, jana ikawa ya kijivu, na leo imeanza kuwa nyeusi kwa sababu imelowana hadi ndani. Kando ya ufukwe panafunguka ukanda mwembamba wa maji. Kisha unavuma upepo wa siku moja, barafu inavunjika vipandevipande na kusukumwa ng'ambo, na jioni ziwa zima limekuwa maji. Kwa kawaida hilo hutokea mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Miti bado haina jani hata moja. Mipopla imesimama mitupu, na maua madogo mekundu ya mti wa mepo hutangulia majani, hivi kwamba ukitazama kilima kwa mbali unaona kama kimepata homa.

Mchoraji aliyezoea kukaa mjini angesubiri majani. Thomson alikuja mapema makusudi, wakati ambao wageni wengine huona pori limechakaa tu, matope na vijiti. Alichokitaka ni kile kisichokaa. Barafu ya rangi ile, leo, saa hii, kesho haipo tena. Usipoichora umeikosa mpaka mwakani, na ya mwakani haitafanana nayo.

Ndiyo maana kibao kilikuwa kidogo. Alikuwa na kisanduku cha mbao cha kubebea rangi, na ndani yake kinakaa kila kitu. Ukikifungua, kifuniko kinasimama na kushikilia kibao mbele ya macho yako, na chini kuna nafasi ya kuchanganyia rangi. Unakiweka magotini, basi, umeshapata chumba cha kazi. Rangi za mafuta hazikauki upesi, kwa hiyo vibao vilivyokwisha kuchorwa vilipangwa katika nafasi zake bila kugusana. Mtu anaweza kuvuka ziwa kwa mtumbwi, kubeba mtumbwi huohuo mabegani kupita msituni hadi ziwa la pili, na picha ya asubuhi ikafika kambini salama.

Tazama kwa karibu vibao vyake vya Aprili, uone theluji ilivyo. Hakuna nyeupe tupu. Kivuli cha mti juu ya theluji amekipaka samawati nzito, pale jua linapogonga ameweka rangi ya maziwa yenye njano, na katikati, mahali ambapo jicho la haraka lingesema si kitu, kuna waridi hafifu. Brashi imepita mara moja na kuondoka. Unaona mistari ya manyoya yake ndani ya rangi nene. Na kati ya pigo moja na lingine ameacha mbao yenyewe ionekane. Kahawia ile ya ubao inafanya kazi ya ardhi, ya magome, ya nyasi kavu za mwaka jana. Hakuipaka rangi kwa kuwa tayari ilikuwa rangi sahihi. Kujua mahali pa kutogusa, kwangu mimi, ndiko kunakomtenganisha na wengi waliojaribu kumfuata.

Asidhani mtu kwamba yalimjia kwa ulaini. A. Y. Jackson, mchoraji mwenzake aliyekuwa naye Algonquin msimu wa kupukutika kwa majani mwaka 1914, alisimulia jinsi Thomson alivyokata tamaa siku moja akakivurumisha kisanduku chake cha rangi msituni. Baadaye wakaenda kukitafuta na kukitengeneza.

Majira ya baridi yakirudi, alivibeba vibao hadi Toronto na kuteua vichache vya kukuzwa. Aliishi katika kibanda nyuma ya jengo la studio za wachoraji, kwa kodi ya dola moja kwa mwezi. Humo, katika baridi ya 1916 kuingia 1917, alichora turubai mbili ambazo ndizo zinazojulikana kuliko zote, The Jack Pine na The West Wind. Zote mbili zilitokana na vibao vya majira ya kuchipua ya 1916. Ya kwanza ni msonobari mmoja uliopinda kando ya ziwa wakati wa magharibi, upana wake karibu mita moja na nusu, na rangi nyekundu aliyotangulia kuipaka chini inachungulia kati ya matawi kama kaa la moto. Ni picha kubwa kwa kila maana. Hata hivyo, nikilazimishwa kuchagua nitachukua kibao chake. Katika turubai jioni imepangwa. Ziwa na anga vimetulia katika mistari mipana, kila kitu kimepata mahali pake. Kwenye kibao giza linakuja kweli, na mtu anayechora anajua kwamba ana dakika chache tu kabla hajashindwa kuona rangi zake mwenyewe.

Mwaka 1917 alifika Canoe Lake mapema Aprili, akapanga Mowat Lodge, nyumba ya wageni ya akina Fraser. Tarehe 28 Aprili alichukua leseni ya kuongoza wavuvi, kwa sababu picha zilikuwa hazijamtosha kuishi. Alikuwa mvuvi hodari, akijitengenezea chambo zake mwenyewe. Mtumbwi wake, inasimuliwa, aliupaka rangi ya kijivu aliyoichanganya na tyubu nzima ya buluu ya kobalti, rangi ya bei ghali ambayo mchoraji maskini angeibania kwa matone. Na masika hayo alijiwekea kazi: kila siku kibao kimoja, tangu theluji hadi majani, kama mtu anayeandika shajara. Mark Robinson, askari wa hifadhi na rafiki yake, alikumbuka miaka mingi baadaye kwamba Thomson alimwambia amefikisha 62.

Mara kazi ikakatika, na sababu ni ndogo sana. Ni usubi. Msomaji wa Mahenge anawajua jamaa zao wanaoleta upofu kando ya mito. Wa Canada hawana ugonjwa huo, lakini wanauma mpaka damu, huingia machoni na masikioni, na hunasa kwenye rangi mbichi. Mwezi wa Juni msituni huwezi kukaa tuli juu ya gogo na brashi mkononi.

Tarehe 7 Julai alimwandikia barua Daktari MacCallum. Alimweleza kwamba hajachora tangu usubi waanze, kwamba masika yote yamekuwa ya baridi na mvua, na kwamba mwaka huu wadudu wamezidi kuliko miaka yote aliyowahi kuona, hata dawa ya kujipaka haiwatishi. Aliahidi kumtumia vibao vyake vya majira ya baridi baada ya siku moja au mbili. Siku iliyofuata alitoka na mtumbwi wake Canoe Lake, na mwili wake ulipatikana tarehe 16.

Katika barua hiyohiyo alitaja kwamba leo ni siku ya pili ya joto tangu mwaka uanze, na kwamba siku moja au mbili zaidi za namna hii zitawamaliza usubi.