JIKO ZITO LA MATOFALI: MOSHI UTOKE, JOTO LIBAKI

Ndugu msomaji, kama unaishi Makete, Njombe au Lushoto, unaijua baridi ya mwezi wa Juni na Julai. Watu wengine huwasha jiko la mkaa, huliingiza chumbani, hufunga mlango na kulala. Hiyo ni hatari kubwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haionekani wala hainuki. Mtu huivuta usingizini, akafa bila kujua.

Je, wenzetu wa nchi za baridi kali hufanyaje? Huko Ufini, baridi ikizidi, maji ya ziwani huganda hata watu wakatembea juu yake. Ndani ya nyumba zao za magogo, wengi hujenga jiko zito la matofali au mawe. Uzito wake huweza kupita kilo 1,000.

Kwa nini liwe zito? Weka tofali kando ya moto. Moto ukizimika, tofali hubaki na joto. Mtungi hutunza maji. Jiko zito hutunza joto.

Hujengwa hivi:

1. Msingi. Jiko hujengwa juu ya msingi wake lenyewe, wa mawe au zege. Halijengwi juu ya sakafu ya mbao.

2. Chumba cha moto. Hujengwa kwa matofali yanayostahimili moto mkali. Kati yake na ukuta wa nje huachwa nafasi ndogo, kwa sababu tofali likipata moto hutanuka.

3. Njia ya moshi. Moshi hauendi moja kwa moja nje. Huzungushwa kwanza ndani ya matofali, ukaacha joto lake humo. Kisha hutoka kwa dohani, juu ya paa.

4. Kukausha. Jiko jipya huachwa likauke. Halafu huwashwa moto mdogo kwa siku kadhaa. Moto mkubwa wa ghafla hulipasua.

Jiko hili huwashwa kwa kuni kavu, kwa moto mkali wa saa 1 au 2. Joto lake huendelea kutoka kwa muda wa saa 12 au zaidi.

Dohani huwa na kifuniko, ili moto ukizimika joto lisitoroke. Lakini kikifungwa makaa yangali mekundu, hewa ile ile ya sumu hujaa nyumbani. Huko nako watu wamekufa hivyo.

Tujifunze nini? Jiko la namna hii ni kazi ya fundi anayelijua, usibahatishe. Lakini kuna mambo unayoweza kuyafanya leo. Usilale na jiko la mkaa chumbani, hata kama mkaa unakaribia kuzimika. Jiko lako la kuni liwekee dohani. Mtu akiumwa kichwa, akiona kizunguzungu au kichefuchefu penye mkaa, mtoeni nje haraka apate hewa safi, kisha mpelekeni zahanati.

Ndugu msomaji, blanketi la pili ni bora kuliko mkaa chumbani.