Kabla Hujamwonea Mbwa Huruma, Ichunguze Nyumba Yako

Msomaji, tuseme unatoka kazini jioni, mvua imenyesha, na kando ya njia unamwona mbwa amejikunyata, mbavu zinahesabika na mkia ameufyata. Je, utafanyaje? Wengi wetu hupita tu. Wengine huinama kuokota jiwe. Wachache husimama na kumwita. Makala haya nawaandikia hao wachache, kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wao, na huruma yangu ilimtia mwanangu mashakani.

Nyuma ya ploti tuliyokuwa tukiishi mtaani Umoja, jijini Nairobi, kulikuwa na mjengo. Mafundi walipomaliza kazi mwezi wa Aprili 2022, walibeba karai, sepetu na mbao zao, wakamwacha mbwa. Alikuwa jike wa rangi ya udongo. Shingoni alifungwa waya uliokuwa umeanza kuzama nyamani. Mgongoni palikuwa na kovu pana, jekundu, pasipomea manyoya. Mama mmoja auzaye chai na mandazi hapo karibu alinieleza kwamba kuna mtu aliyemmwagia maji moto alipomkuta akinusanusa masufuria.

Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo. Waya ulikatwa, akadungwa chanjo ya kichaa cha mbwa, akapewa dawa ya minyoo. Watoto wangu wawili walimwita Popi. Siku hiyo nililala nikiwa na furaha ya mtu aliyetenda jema.

Jambo ambalo sikujiuliza ni hili: nyumba ninayompeleka ni nyumba ya namna gani?

Ploti yetu ilikuwa na familia kumi na mbili na bomba moja uani. Kuanzia alfajiri beseni ziligongana, maji yakamwagwa, nguo zikafuliwa. Jioni majiko ya makaa yaliwashwa milangoni na masufuria yakatoka mvuke. Kwetu sisi hayo ni maisha ya kawaida. Kwa Popi yalikuwa ni kitisho toka asubuhi hadi usiku. Alijificha chini ya ngazi, akatetemeka, na kila beseni ilipoanguka alijikojolea. Tukasema, "Atazoea tu."

Jumapili ya tatu tulikuwa na wageni. Kama ilivyo desturi, mwanangu wa miaka sita alibeba jagi la maji ya uvuguvugu ili kuwanawisha wageni mikono. Alipofika kwenye ngazi, alisimama na kuinama ampapase Popi, jagi lingali mkononi. Popi alinguruma. Mtoto hakuelewa. Nyuma ya Popi kulikuwa na ukuta, mbele yake maji yenye mvuke. Akamuuma mkono.

Nilimkimbiza mtoto bombani, nikaliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha tukaenda hospitali bila kungoja kesho. Msomaji, hili lishike hata ukisahau mengine yote. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaonekana kwa binadamu, ni nadra mno kupona. Usipake majivu, usipake mafuta, na usiseme "amekwaruzwa tu". Osha, kisha nenda ukamwone daktari siku hiyo hiyo, hata kama unaambiwa mbwa amechanjwa.

Majirani walitaka Popi auawe. Daktari wa mifugo alitushauri tumfungie mahali peke yake na kumchunguza kwa siku 10, maana mbwa aliyeuma akiwa na ugonjwa huo kwa kawaida huonyesha dalili katika muda huo. Siku zikapita, akabaki mzima. Lakini mwenye nyumba naye alikuwa amekwisha kata shauri: mbwa aondoke kabla ya mwisho wa mwezi.

Jeraha lisiloonekana

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii haiwahusu watu peke yao.

Mwaka wa 1924, huko Urusi, mto Neva ulifurika na kuingia katika mji wa Leningrad, ambao leo unaitwa St Petersburg. Huko alikuwako mtaalamu mashuhuri Ivan Pavlov, yule aliyewafunza mbwa kudondokwa na mate waliposikia ishara ya chakula. Maji yaliingia katika vizimba vya mbwa wake, na wakaokolewa wakiwa karibu kuzama. Mafuriko yalipokwisha, baadhi yao walikuwa wamesahau waliyofunzwa. Ilichukua muda wa wiki nyingi kuwarudisha katika hali yao. Kisha ikajaribiwa kupitisha maji kidogo tu chini ya mlango wa chumba alimokuwa mbwa mmoja wao. Hofu yote ikamrudia, na mafunzo yakapotea tena.

Ndiyo kusema, mbwa hahitaji kuona mafuriko ili akumbuke mafuriko. Mchirizi mdogo unatosha. Kwa Popi mchirizi huo ulikuwa jagi mkononi mwa mtoto aliyempenda.

Tena kuna mbwa ambao hawakupigwa wala kuchomwa, lakini wana hofu vilevile. Mtoto wa mbwa hujifunza ulimwengu hasa kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi tangu azaliwe. Akiupitisha muda huo akiwa amefungiwa kibandani bila kuona watu, watoto, magari wala mbwa wengine, atakapokua mambo hayo yote yatamtisha. Samaki mkunje angali mbichi.

Mbwa mwenye hofu husema kabla ya kuuma, ila sisi hatuijui lugha yake. Hugeuza kichwa. Hulamba midomo ilhali hakuna chakula. Hupiga miayo bila usingizi. Hulaza masikio nyuma, hukaza mwili, na weupe wa macho yake huonekana. Mwisho hunguruma. Wazazi wengi humchapa mbwa anaponguruma. Hilo ni kosa kubwa. Ukimfunza kwamba kunguruma ni hatia, kesho atauma bila kutoa onyo.

Nyumba kubwa si dawa

Baada ya mkasa ule nilitafuta mtu wa kumchukua Popi, nikakosea mara ya pili. Alijitokeza tajiri mmoja mwenye boma pana, ukuta mrefu, lango la chuma na bustani. Moyoni nikasema, hapa Popi amepata pepo. Swali lake kwangu lilikuwa moja tu: "Ni mkali?" Kwa kuwa nilitamani sana aondoke salama, nilijibu kwamba amewahi kuuma. Akafurahi.

Huko alifungwa mnyororo mchana kutwa karibu na banda la kuoshea magari, na usiku akaachiliwa alinde. Mtunza bustani alinisimulia kwamba Popi hakubweka hata siku moja. Alichimba shimo chini ya tangi la maji, akaingia humo na kukataa chakula. Baada ya majuma mawili alirudishwa kwangu, amekonda kuliko siku ile nilipomtoa kwenye mjengo.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba tajiri yule na mimi tulikuwa na kosa moja. Yeye alimpima mbwa kwa haja yake ya mlinzi, nami nilimpima kwa haja yangu ya kujiona mwema. Hakuna kati yetu aliyempima kwa hofu yake.

Aliyeuliza swali sahihi

Mtu wa tatu alikuwa mwalimu mstaafu, mama wa makamo anayeishi peke yake upande wa Ngong pamoja na mbwa mmoja mzee, mpole, aliyekwisha kuwa mzito wa kusikia. Nyumba yake ni ndogo. Ukuta hana, ana ua wa michongoma ulioshonana vizuri. Nilipompigia simu hakuuliza kama Popi ni mkali, wala kama ni mzuri. Aliuliza, "Anaogopa nini?"

Nikamweleza yote: maji, mvuke, beseni, watoto, waya, mnyororo. Kuhusu mkono wa mwanangu sikuficha neno. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi hupikia ndani, na wajukuu huja Desemba tu. Mlete tumwone, lakini usimwache siku ya kwanza."

Tulikwenda mara tatu. Mara ya kwanza Popi hakutoka garini. Mara ya pili alishuka, akamfuata yule mbwa mzee mpaka kivulini. Mara ya tatu alilala hapo, nami nikaondoka bila kuaga.

Maswali ya kujiuliza

Msomaji, ikiwa unafikiri kumchukua mbwa aliyeteswa, au kumtafutia mmoja nyumba, jiulize haya kabla ya kuuliza anakula nini.

Kwanza, ni kitu gani kinachomtisha, na kitu hicho kiko kwako kila siku? Mbwa anayeogopa kelele hafai nyumba iliyo kando ya stendi ya matatu. Anayeogopa wanaume hafai nyumba yenye vijana wanne.

Pili, una watoto wadogo? Mtoto hukumbatia, hukimbia, hupiga mayowe. Mbwa aliyeumizwa na asiyejulikana tabia zake si wa kuachwa na mtoto hata dakika moja.

Tatu, wote wa nyumbani wamekubali, pamoja na mwenye nyumba na majirani? Wako majirani ambao kwa sababu ya dini yao wanatakiwa kujitakasa wakiguswa na mate ya mbwa. Heshima kwao ni sehemu ya usalama wa mbwa wako, kwani mbwa asiyetakiwa mtaani hakosi sumu.

Nne, kuna pembe ambayo mbwa anaweza kwenda na mtu yeyote asimfuate? Popi aliuma kwa kukosa pa kwenda.

Tano, unataka mlinzi? Basi usimchukue mwenye hofu. Anayehitaji kulindwa hawezi kukulinda.

Ukijibu kwa haki na kuona kwamba nyumba yako haifai, usione haya. Kukataa mapema ni huruma kuliko kumrudisha baadaye, maana kila arudishwapo jeraha lake hufunguka upya. Na ikiwa unamtoa, mweleze anayemchukua ukweli wote, hata ule unaoweza kumfanya abadili nia. Kuficha kwamba mbwa ameuma ni kumtegea mtoto wa mwenzako mtego.

Jijini Nairobi kuna chama cha KSPCA, ambacho chanzo chake ni mwaka wa 1910. Makao yake yako Karen, katika Barabara ya Langata, na huwatafutia wanyama waliookolewa watu wa kuwatunza. Ukiulizwa habari za boma lako, au mtu akija kulitazama, usikasirike. Anafanya kazi ile ambayo mimi sikuifanya. Kumbuka pia kwamba chini ya Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, kumpiga mnyama kikatili, kumtia hofu au kumtelekeza bila sababu ni kosa ambalo mtu anaweza kushtakiwa.

Siku za kwanza

Wazoefu wana hesabu ya tatu: siku tatu za kushangaa, majuma matatu ya kujifunza utaratibu, miezi mitatu ya kuanza kujiona wa nyumbani. Si sheria, na aliyeumizwa sana huchukua muda mrefu zaidi.

Siku hizo usialike watu kuja kumwona. Mpe chakula saa zile zile, mahali pale pale. Usimkazie macho wala kumwinamia. Keti chini ubavu ukimwelekea, soma gazeti lako, na umwache aje mwenyewe. Akija, mpapase kifuani, usianzie kichwani, kwa sababu mkono unaotoka juu anaujua kuwa ni wa kupiga. Usimchape kamwe. Usisahau chanjo ya kila mwaka, na mwulize daktari kuhusu kumfunga uzazi, asije akaleta mtaani watoto wengine wasio na kwao. Tena tusidanganyane: wako wachache walioumizwa kiasi kwamba hakuna nyumba ya kawaida itakayowafaa. Hapo msikilize daktari.

Mwezi wa Desemba mwaka ule ule nilikwenda Ngong kumjulia hali Popi. Nilitarajia anirukie kwa furaha. Hakunirukia. Alininusa viatu, akarudi kulala ubavuni mwa mzee wake. Kidogo nikaumia.

Kisha mwalimu akatoka jikoni na beseni la maji ya vyombo. Alisimama mlangoni, akasema kwa sauti ya kawaida, "Popi, ninapita na maji." Moyo wangu ukadunda. Popi aliinua kichwa, akalitazama lile beseni, akanyanyuka. Alikwenda hatua tano, sita, mpaka chini ya mparachichi. Akalala tena, akafumba macho.

Hofu haijamtoka, na pengine haitamtoka. Lakini sasa kuna mtu anayemwambia mapema kwamba maji yanakuja, na kuna mti wa kukimbilia. Nawe msomaji, kabla hujamwita yule wa kando ya njia, tazama kwanza nyumbani kwako: mti wake uko wapi?