Kemia ya Kuosha Gurudumu la Gari

Mtu aoshaye gari lake nyumbani siku ya Jumapili huanzia juu, akaifuta paa, vioo na milango kwa uangalifu mwingi. Magurudumu huachwa mwisho, nayo hupewa maji machafu yaliyobaki ndooni na kitambaa kilichokwisha kujaa mchanga. Desturi hiyo ina kasoro, kwa kuwa ni sehemu chache za nje ya gari zinazopata taabu kama gurudumu. Uchafu ulioko pale si vumbi la barabarani peke yake. Ni mchanganyiko wa chuma, kaboni, lami na, kwa magari ya pwani, chumvi. Ajuaye uchafu huo umetoka wapi ndiye awezaye kuuondoa bila ya kuliharibu gurudumu lenyewe.

Vumbi jeusi hutoka wapi?

Gari la kilo 1,000 likienda mwendo wa kilometa 72 kwa saa, yaani meta 20 kwa sekunde, huwa na nishati mwendo ya jouli 200,000. Dereva akikanyaga breki hadi gari likasimama, nishati hiyo haipotei. Karibu yote hugeuka kuwa joto. Joto hilo lingetosha kupasha zaidi ya nusu lita ya maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100 za Sentigredi.

Katika breki za diski, kazi hiyo hufanywa na msuguano kati ya pedi na diski ya chuma. Kila msuguano hung'oa chembe ndogo za vitu vyote viwili, zikarushwa nje na kunata juu ya gurudumu. Mwanafunzi aweza kulithibitisha jambo hili kwa macho yake: katika magari mengi, magurudumu ya mbele huwa meusi kuliko ya nyuma. Gari lifungapo breki, uzito huegemea mbele, na kwa hiyo breki za mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi.

Kutu na chumvi

Chuma hushika kutu kikikutana na oksijeni na maji kwa pamoja. Atomi za chuma hutoa elektroni mahali pamoja, oksijeni huzipokea mahali pengine, na maji huwa njia ya kupitia ioni. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji baridi, hivyo kutu huenda mbio. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na upepo huchukua matone madogo ya mawimbi hadi nchi kavu. Hii ni sababu mojawapo ya gari lilalalo karibu na ufuko wa Tanga au Mombasa kulika upesi kuliko lilalalo Dodoma.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo huinua rangi, ikafungua mlango kwa maji mengine. Ikifika pale ambapo ukingo wa tairi hukaa juu ya rimu, upepo huanza kuvuja kidogo kidogo, na mwenye gari huilaumu tairi isiyo na kosa.

Alumini na ngozi yake

Magari mengi siku hizi yana rimu za aloi ya alumini, metali ambayo uzito wake ni karibu theluthi moja ya uzito wa chuma kwa ujazo uleule. Alumini hujilinda yenyewe kwa utando mwembamba sana wa oksidi. Sufuria ya alumini ikisuguliwa kwa mchanga hung'aa kwa kuwa utando umekwanguliwa, lakini utando mpya huota mara moja.

Hata hivyo, ngozi hii ina maadui. Chumvi huitoboa vitundu vidogo. Asidi na alkali kali huiyeyusha, kisha hushambulia metali yenyewe. Soda kali ikigusa alumini hutoa hidrojeni, gesi inayowaka. Mtu atumiaye asidi ya betri ili rimu ipate kung'aa hununua mng'ao wa siku moja kwa gharama ya rimu nzima, tena huhatarisha macho na mikono yake. Waya wa kusugulia masufuria nao haufai, kwani rimu nyingi za aloi zimepakwa vanishi, na vanishi ikichubuka haioti tena.

Namna ya kuosha

Magurudumu yaoshwe kwanza, kwa ndoo na kitambaa chake, baada ya breki kupoa. Vumbi kavu lisipulizwe, kwani chembe zake huingia mapafuni, na pedi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, madini yanayosababisha saratani. Limwagiwe maji mengi kwanza, kisha lisuguliwe kwa sabuni isiyo kali na brashi laini, mbele na nyuma ya rimu. Dizeli na mafuta ya taa visitumike, maana huharibu mpira wa tairi. Sabuni yote isuuzwe, rimu ikaushwe, kisha ipakwe nta nyembamba ili maji yasipate pa kushika. Nta isiguse diski wala pedi.

Breki zilizolowa hushika kwa udhaifu. Kabla ya kuingia barabara kuu, dereva aende polepole na kukanyaga breki mara kadhaa mpaka zikauke.

Jaribio la darasani

Chukua misumari minne mipya na glasi nne. Wa kwanza uwekwe katika glasi kavu, wa pili katika maji ya kawaida, wa tatu katika maji ya chumvi. Wa nne upakwe nta ya mshumaa iliyoyeyushwa, uachwe upoe, kisha utiwe katika maji ya chumvi. Baada ya wiki moja wanafunzi wailinganishe misumari hiyo, na kila mmoja aeleze ni msumari upi unaofanana na gurudumu la gari la mwalimu wao.